Kabla ya Kukoroga Puti, Jua Inashikaje

Mtwara watu humalizia nyumba kwa pesa ya korosho. Minada ikichangamka Oktoba, malipo yanaingia Novemba na Desemba, na hapo ndipo simu za mafundi wa dari zinapoanza kulia. Mvua zetu za kusini, ambazo ni za msimu mmoja tu, nazo huanza miezi hiyohiyo na kwenda hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo kazi ya kuziba maungio ya bodi za jipsamu, kazi inayotaka hewa kavu, sisi huifanya wakati hewa yenyewe imelowa. Miezi ya kusi upepo unavuma mkavu, jua lipo, na bodi zimelala dukani kwa sababu mwenye nyumba hana hela.

Kalenda hiyo siwezi kuibadilisha. Ninachoweza kuchagua ni kile kinachoingia kwenye ndoo yangu, na hicho nacho hukichagui vizuri kama hujui kimetengenezwa kwa vitu gani na kinageukaje kuwa kigumu.

Puti ninayoisema hapa ni ile rojo nyeupe tunayoipaka kwenye maungio ya bodi, juu ya vichwa vya skrubu na kwenye kona, ili dari ionekane kipande kimoja kabla ya rangi. Madukani inapatikana kwa sura mbili. Kuna ya ndoo, iliyokorogwa tayari kiwandani, na kuna ya mfuko, ambayo ni unga unaukoroga mwenyewe kwa maji. Wateja wengi wanadhani tofauti ni ya bei na usumbufu tu, kwamba unga ukiutia maji unapata kilekile kilichomo kwenye ndoo. Hata mafundi wapo wanaoamini hivyo, na ndio ambao dari zao zinachora mistari ya nyufa kabla korosho za mwaka unaofuata hazijaokotwa.

Fundi aliyenipokea nikiwa saidia fundi hakuanzia kwenye jipsamu. Alianzia kwenye chokaa, akitengeneza kuta za nyumba za zamani kule Mikindani, zile za mawe ya matumbawe. Jipsamu ilimkuta mtu mzima, akaipokea kwa kuikagua kama anavyokagua kila kitu. Tulimwita Mzee tu. Ukimletea mfuko mpya au ndoo mpya, swali lake lilikuwa hilohilo: "Hii inashika kwa nini?"

Mwanzoni nilijibu, "Inashika ikikauka, Mzee."

"Mwanangu, nguo ya kamba inakauka. Je, inashika?"

Alikuwa na maana yake. Vitu tunavyopaka ukutani vinakuwa vigumu kwa njia tofauti, na ukizichanganya njia hizo kichwani utaharibu kazi za watu. Mimi mbili nilikuwa nimeziona tangu utotoni bila kujua kwamba nimeziona.

Ya kwanza ni ya udongo. Bibi yangu aliishi kijijini upande wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida. Ukitaka kukandika nyumba huko unasubiri mvua inyeshe, kwa sababu nani atabeba ndoo kutoka bondeni aje azimwage kwenye udongo? Wanaume walisimamisha miti na fito, halafu udongo ukakanyagwa kwa miguu na kubandikwa kwa mikono. Maji yakishaondoka, chembe za mfinyanzi zinabanana na ukuta unakuwa mgumu. Ila ugumu huo ni wa masharti. Maji yakirudi, udongo unalegea tena, ndiyo maana kila mwaka upande unaopigwa na mvua ulikandikwa upya. Maji yametoka, ugumu umeingia, na maji yakirudi ugumu unaondoka.

Ya pili ni ya chokaa. Pwani yetu matumbawe yamechomwa kwa kuni tangu enzi za Kilwa. Jiwe la tumbawe, ambalo ni kalisiamu kaboneti, likipata moto mkali wa nyuzi 900 hivi linatoa hewa yake ya kaboni na kubaki chokaa hai. Ukiimwagia maji inachemka na kumumunyuka kuwa chokaa ya kujengea. Ikishapakwa ukutani inaanza kuvuta tena hewa ya kaboni kutoka angani, polepole, miezi na miaka, hadi inarudi kuwa jiwe la aina ileile ililotoka. Chokaa hiyo haitaki ukuta ukaushwe haraka. Mzee aliinyunyizia maji na kuitundikia magunia mabichi ili isiwahi kukauka kabla haijavuta hewa ya kutosha.

Ya tatu sikuijua hadi nilipoanza kukoroga jipsamu, na ndiyo iliyonikalisha chini siku moja Lindi mjini, nyumbani kwa mwalimu wa kemia.

Tulikuwa tunamfanyia dari ya sebule na vyumba viwili. Mwalimu alikuwa mstaafu, wa aina ile isiyoweza kumwacha mtu afanye kazi kimya. Alitazama ndoo yetu ya puti, akatazama mifuko yetu ya unga, akauliza kwa nini tunanunua vyote viwili. Nilimjibu kama alivyonifundisha Mzee, kwamba kimoja kinakauka na kingine kinashika. Alifurahi kama mtu aliyepata mwanafunzi uzeeni. Akaenda jikoni akarudi na ndimu iliyokatwa, akachukua punje kavu ya puti ya ndoo iliyokuwa imeganda ukingoni mwa mfuniko, akaikamulia. Ikatoa povu dogo, tss. Akachukua bonge la unga wetu lililokwisha kushika, akalikamulia pia. Kimya.

"Hii inayotoa povu ni ndugu wa matumbawe," akasema. "Ndimu inaitoa hewa yake. Hii nyingine ni jasi, hiyohiyo mnayoiita jipsamu."

Kipimo cha ndimu kina mipaka yake, na nimeshakutana nayo. Viwanda vingi huchanganya unga wa mawe ya chokaa hata ndani ya mifuko ya jasi, kwa hiyo povu peke yake halikupi jibu. Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha kikombe. Korogea kiasi kidogo cha unga ndani ya kikombe na usubiri. Ukipata joto mkononi na mchanganyiko ukawa mgumu ilhali bado una unyevu, hiyo inashika. Ukibaki laini hadi maji yote yaondoke, hiyo inakauka. Halafu siku inayofuata chukua kibonge chake ukiloweke. Kikirudi kuwa rojo, umeshajua uko na nani.

Sasa ndani ya ndoo. Kilicho kingi kuliko vyote, ukiacha maji, ni hilo jiwe la chokaa lililosagwa kuwa unga laini sana. Lenyewe halifanyi kazi yoyote ya kushika. Limewekwa lijaze nafasi. Kinachoshikisha ni gundi, ya ukoo mmoja na ile gundi nyeupe ya seremala, iliyosambazwa ndani ya maji kwa matone madogo. Maji yakiondoka, matone hayo yanakutana na kufunga chembe za jiwe. Kuna kitu kingine kinachotokana na nyuzi za mimea, selulosi iliyogeuzwa kiwandani, ambacho kazi yake ni kuifanya rojo iwe nzito na kushikilia maji yasinyonywe na karatasi ya bodi kwa pupa. Bila hicho, ukipaka tu, bodi inameza maji na mwiko unaanza kukwaruza. Kuna maika, vile vijipande bapa vinavyometameta kwenye mchanga, vinavyosaidia kuzuia nyufa. Kwenye ndoo zile nyepesi kuna perlaiti, jiwe la volkano lililopashwa moto likavimba kama bisi. Kuna dawa ya kuzuia kuvu, maana rojo yenye maji ndani ya ndoo iliyofungwa, katika joto la pwani, ingeoza ikiwa bado dukani.

Na kuna mfinyanzi. Hili lilinichekesha nilipolijua. Ule utelezi wa puti nzuri, inayokaa juu ya mwiko bila kudondoka lakini ukiisukuma inateleza, unatokana kwa sehemu na udongo wa mfinyanzi uliochaguliwa. Mmoja unaotumika sana huitwa atapulgaiti, kutokana na mji wa Attapulgus katika jimbo la Georgia, Marekani. Chembe zake ni kama vijiti vidogo vinavyoshikana mchanganyiko ukitulia na kuachana ukivurugwa. Kwa hiyo mteja anayelipa pesa nyingi kwa ndoo yenye maandishi ya Kiingereza amenunua jiwe la chokaa, gundi, na udongo kidogo, na vinakuwa vigumu kwa njia ileile ya ukuta wa bibi yangu: maji yanatoka. Maji yakirudi, puti hiyo inalegea. Ndiyo maana dari iliyovuja inavimba na kumenyeka pale kwenye maungio kabla bodi yenyewe haijaharibika.

Unga wa mfuko ni habari nyingine kabisa. Jasi ni jiwe lenye maji ndani yake, maji yaliyofungwa kwenye fuwele zake na si unyevu. Kwa uzito, karibu sehemu 21 katika kila 100 za jasi safi ni maji. Bodi ya jipsamu ya kilo 20 unayoipandisha darini ina karibu kilo 4 za maji, na ni kavu kabisa ukiigusa. Moto ukiwaka ndani ya nyumba, hayo maji huanza kutoka kama mvuke na kuchelewesha moto kupenya. Kiwandani jasi inasagwa na kupashwa joto, kati ya nyuzi 120 na 180 hivi, hadi robo tatu ya maji yake yanatoka. Unaobaki ndio unga wetu. Ukiurudishia maji, unayanywa, fuwele mpya zinaota kama sindano zinazosukana, joto linatoka, na ndani ya nusu saa hivi una jiwe tena. Ugumu haukutokana na maji kuondoka. Umetokana na maji kuingia. Hata iwe ni Januari na mvua inanyesha nje, unga huu utashika kwa wakati wake.

Mwalimu alinionyesha na jambo jingine ambalo mtu wa Lindi anapaswa kulijua kuliko mtu wa Dodoma. Maji ya bahari yakiachwa yakauke kwenye madimbwi, kama wanavyofanya wazalishaji wa chumvi wa pwani hii, chumvi haiji kwanza. Kwanza inatua ile ya jamii ya chokaa, kisha jasi, ndipo chumvi. Ukoko mgumu unaoota chini ya madimbwi ya mwanzo, ambao watu wa chumvi wanaukwangua na kuutupa, una jasi ndani yake. Na huko Kilwa, upande wa Mandawa, jasi inachimbwa ardhini kwa sababu hapo zamani za kale, enzi za mijusi wakubwa, bahari iliingia na kukauka namna hiyohiyo. Viwanda vya saruji vinaihitaji jasi hiyo: kiasi kidogo kinasagwa pamoja na saruji ili isigande mara tu inapokutana na maji. Tangu kiwanda cha Dangote kifunguliwe hapa Mtwara mwaka 2015, malori ya mawe na ya saruji tumeyazoea barabarani, na wengi wetu tunayapisha bila kujua kwamba jiwe la kwenye saruji na jiwe la kwenye dari vina ukoo.

Baada ya kuyajua hayo, kazi yangu ilibadilika katika mambo ambayo mteja hayaoni.

Faiba, kwa mfano, ule utepe wa wavu unaojibandika wenyewe. Hapa kwetu karibu kila fundi anautumia, na haukosei kitu ukipakiwa unga wa jasi juu yake. Ukiupakia puti ya ndoo safu ya kwanza, ungio lako ni dhaifu. Wavu unanyumbuka kidogo, puti inayokauka inasinyaa kwa sababu maji yametoka na nafasi yake imebaki wazi, na mbao za mbili kwa mbili zilizobeba dari zinavimba na kusinyaa kwa unyevu. Ufa utatokea. Kama una puti ya ndoo pekee, tumia utepe wa karatasi: paka puti kwanza, lalisha karatasi juu yake, kamua kwa mwiko hadi puti iliyozidi itoke pembeni bila kuacha mapovu ya hewa chini. Kazi ndefu kidogo, lakini karatasi haivutiki.

Kwa hiyo mimi safu ya kwanza, ya kujaza mwanya na kulaza faiba, naipiga kwa unga wa jasi. Inashika, haisinyai kwa kiasi cha kuonekana, na siku hiyohiyo naweza kuendelea. Safu za juu, mbili kwa kawaida, napiga puti ya ndoo, nyembamba, kila moja pana kuliko iliyo chini yake, ya mwisho ikifika futi moja hivi. Ya ndoo inateleza vizuri na inakubali msasa, wakati jasi ikishakomaa ni ngumu na itakutoa jasho. Vitu viwili hivi havigombani. Vinagombana kwenye mikono ya mtu anayetaka kimoja kifanye kazi ya kingine.

Unene ndio unaowashinda vijana. Mtu akiona shimo anataka kulijaza mara moja. Kwa jasi sawa, ijaze. Kwa puti ya ndoo, safu nene inakauka juu na kubaki mbichi ndani, halafu inapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Tena kwenye unyevu wa Januari, puti ambayo kwenye hewa kavu ingekuwa tayari kesho yake inaweza kukaa siku mbili na zaidi. Haina ujanja. Fungua madirisha kukiwa na upepo, yafunge mvua ikianza, na usimwamini mteja anayekwambia ameigusa na imekauka. Angalia rangi: penye kijivu bado pana maji.

Mama mmoja wa Shangani, hapahapa Mtwara, alitaka ahamie kabla ya Krismasi. Nilimweleza habari ya safu na kukauka, akaniambia, "Fundi, mwenzako amesema siku tatu."

Nikamjibu, "Anaweza, mama. Mwulize tu atatumia nini."

Alimwuliza kweli. Sijui alijibiwa nini, lakini kazi nilipewa mimi, nikaipiga jasi safu zote mbili za chini ili kuokoa muda, nikaacha moja tu ya juu ya kukauka. Bega langu lilijuta wakati wa msasa. Krismasi alikula wali wake chini ya dari nyeupe.

Kukoroga jasi kuna adabu zake. Maji yanatangulia, unga unafuata, ukiunyunyiza hadi unaanza kubaki juu ya maji bila kuzama. Uache unywe dakika moja au mbili ndipo ukoroge. Ukianza na unga ukamwagia maji utapata mabonge. Ukishaona inaanza kuganda usiongeze maji "kuifufua". Fuwele zimeshaanza kusukana, ukizivunja hazisukani tena, na utakachopaka kitakuwa chaki. Mwaga. Koroga kidogo unachoweza kukimaliza.

Ndoo ikiwa chafu, na hapa ndipo saidia fundi wengi wanapogombezwa bila kuelezwa sababu, mabaki ya mkorogo wa jana ni fuwele zilizokomaa. Zinakuwa mbegu. Mkorogo mpya unaota juu yake na kushika mara moja, kabla hujapanda ngazi. Kwa hiyo kuosha ndoo si usafi wa kumfurahisha bosi. Na maji yenyewe yawe ya kunywa. Visima vingi karibu na ufukwe vina chumvi, na chumvi inavuruga muda wa kushika, halafu inabaki ndani ikivuta unyevu wa hewa miaka yote. Ukitaka kuchelewesha mkorogo kwa sababu dari ni kubwa, matone machache ya ndimu kwenye maji yanasaidia, maana asidi ya ndimu inazuia fuwele kuota haraka. Viwanda navyo hutumia vitu vya namna hiyo. Matone, nimesema. Ukizidisha unapata jiwe bovu.

Jambo linalonikera ni mchanganyiko wa jasi na saruji nyeupe. Umeenea sana, hasa kwenye kupiga skimu, ile safu nyembamba ya kulainisha, kuta za lipu. Mtu anachanganya nusu kwa nusu akiamini saruji itaongeza nguvu. Mahali pakavu unaweza kuponea. Mahali penye unyevu, kama ukuta wa bafu au ukuta unaonyonya maji kutoka kwenye msingi, jasi na saruji vinaendelea kufanyiana kazi ndani kwa ndani, vinaota fuwele zinazovimba, na skimu inabanduka kwa vipande. Ukuta wa maji upige puti ya saruji peke yake. Jasi iache ndani, palipokauka. Nimeshabomoa skimu za namna hiyo za watu wengine mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nagonga ukuta kwa kidole kabla ya kutaja bei.

Skrubu nazo zina neno lake huku pwani. Zile nyeusi za kawaida zina kinga ndogo sana dhidi ya kutu. Ukiizamisha mno ikachana karatasi ya bodi, haishiki vizuri. Ukiiacha juu, mwiko unaigonga. Izame kiasi cha kuacha kishimo kidogo, karatasi ikiwa nzima. Halafu puti yenye maji inakaa juu ya chuma, hewa ya bahari inaongeza yake, na baada ya misimu kadhaa unaona vidoa vya rangi ya chai vimepangana darini kwa mstari. Nyumba za karibu na maji, Mikindani au Shangani, nashauri skrubu zilizopakwa zinki hata kama bei inauma.

Msasa ndio sehemu ambayo watu wanaichukulia kwa mzaha. Vumbi la puti ni laini sana, linaelea saa nzima baada ya wewe kutoka chumbani. Ndani yake kuna jiwe la chokaa, maika, mara nyingine na silika, ambayo ni adui wa mapafu. Huko Marekani puti za zamani ziliwekwa hata asbestosi ili zisipasuke, hadi ilipopigwa marufuku mwaka 1977, wakati mafundi wengi walikuwa wameshaivuta miaka na miaka. Kitambaa cha kujifunga usoni hakizuii vumbi hili. Vaa barakoa yenye kichujio, ya N95 au zaidi, na miwani. Puti ya ndoo ina faida moja hapa: kwa kuwa inarudi kuwa laini ikipata maji, unaweza kuilainisha kwa sponji lililokamuliwa badala ya msasa, na vumbi halitoki kabisa. Jasi haikubali hilo. Ndiyo sababu nyingine ya kuiweka chini na ile ya ndoo juu.

Kabla ya rangi, zima taa za juu na ushike kurunzi ubavuni mwa dari, mwanga ukilala. Mabonde yote yatajitokeza. Halafu piga praima, ile rangi ya msingi, dari nzima, kwa sababu karatasi ya bodi na puti hazinywi rangi sawasawa. Ukiruka praima, jioni taa zikiwaka mteja ataona njia za maungio zimejichora kupitia rangi hata kama ni laini kabisa ukizipapasa, na hutamshawishi kwamba ni suala la rangi.

Inayobaki kwenye ndoo, isawazishe uso, mwagia maji kidogo juu, funika. Siku ya kuitumia mwaga maji hayo uendelee. Unga una shida zaidi huku kwetu. Mfuko uliofunguliwa, au uliokaa kwenye sakafu ya simenti ya ghala msimu mzima, unakunywa unyevu wa hewa na kuanza kushika pole pole ukiwa bado mfukoni. Unaobaki nauweka kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, juu ya mbao. Na nikienda kununua, nabonyeza pembe za mfuko kwanza. Nikikuta mabonge naomba mwingine, na muuzaji wangu wa pale sokoni siku hizi haniulizi kwa nini. Anachomoa wa chini ya rundo mwenyewe.